Mgonjwa Nisiyeruhusiwa Kumtaja Jina

Mimi ni mtu wa nyumbani, na jambo hilo sijawahi kuliona aibu. Wengine husimulia miji waliyofika; mimi naweza kukueleza tabia ya kila figa la jiko langu. Mume wangu, ambaye shirika la reli lilimsukuma huku na huko kama behewa, alikuwa akiniita jiwe la kusagia. Nilimjibu kwamba sijasikia jiwe la kusagia lililopotea njia, wakati yeye aliwahi kushuka stesheni isiyo yake akiwa amelala.

Tulikaa kwa wazazi wake, nje kidogo ya Busia, upande wa Uganda, kwenye barabara iendayo Majanji. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Mimi kwetu ni Mukuju, nimezaliwa katika Kiteso, nikaolewa katika Kisamia, lugha niliyojifunza kwa kuchekwa. Nilikuwa nimefika sekondari darasa la pili, basi pale kijijini nikawa kitu cha kuazimwa kama ungo. Chupa ya dawa ikiwa na maandishi ya Kizungu, niitwe. Karani wa kodi akija, niitwe.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuniita, naye ni baba mkwe.

Wasomaji wa kwetu hawahitaji kuambiwa, lakini vijana wa siku hizi wanakula meza moja na wakwe zao, kwa hiyo nieleze. Mimi sikukaa alipokaa yeye. Sikumpa mkono. Jina lake halikutoka mdomoni mwangu, hata nikiota. Nikimkuta njiani nilishuka kando na kupiga magoti kwenye majani, naye akapita akiangalia mawingu. Alikuwa mpole, na aliniheshimu sana, ndiyo maana hakunisemesha.

Mjumbe wetu alikuwa binti yangu, ambaye wakati huo hata kutambaa alikuwa hajaamua vizuri. Mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, na mke huambiwa chochote. Basi mzee alisimama uani akasema, "Mke wangu, mwambie huyo anayekubeba kwamba mbuzi wameingia kwenye mihogo." Mtoto akanyonya kidole. Nami nikajibu, "Mwambie babu nimesikia." Nyumba nzima iliendeshwa hivyo, na mbuzi walitoka.

Kisha goti la mzee likaanza kuuma.

Alikwenda zahanati ya upande wetu akarudi na vidonge vyeupe. Akavuka mpaka kwenda zahanati ya upande wa Kenya, akarudi na vidonge vyeupe vilevile, ila hivi vilikuwa na mstari katikati. Fundi mmoja wa sindano aliyekuja na baiskeli kutoka Merikit akamdunga ya kulia, na juma lililofuata ya kushoto. Goti la baba mkwe lilitibiwa na serikali mbili na baiskeli moja, na bado mzee alizidi kukonda, miguu imevimba, chai haitaki, maji hayataki.

Asubuhi moja mama mkwe aliingia jikoni kwangu, akafunga mlango, jambo ambalo hakuna anayelifanya jikoni kukiwa na moshi.

"Goti lake halina kitu," alisema. "Ni zima kuliko langu."

Nikaacha kupuliza moto.

"Anakwenda nyuma ya migomba, anasimama. Anasimama mpaka nadhani amelala wima. Anarudi hajafanya kitu. Matone tu. Kaka yake alianza hivihivi, tumbo likawa kama ngoma, tukamzika huku tukitafuta nani kamroga."

Nilimwuliza kwa nini hawaambii madaktari. Akaniangalia kama mtu aliyeuliza kwa nini ng'ombe hapandi mti. Wale waganga wote walikuwa vijana ambao angeweza kuwazaa, na mmoja alikuwa mwanamke. Na mwanawe je? Mzee, alisema, humweleza mwanawe habari za shamba, haendi chini ya hapo. Isitoshe mwanawe hangerudi kabla ya mwisho wa mwezi, na mama mkwe alikuwa ameacha kuamini kwamba mwisho wa mwezi utamkuta mzee.

Sokoni wanawake wa samaki kutoka Majanji walikuwa wakimsifu daktari mmoja wa Tororo, Mhindi mgeni, ambaye hatoi dawa mpaka akuulize hata ulichokula jana. Mama mkwe alikuwa ameshamwuma mzee sikio kuhusu huyo daktari na lile goti. Shida, daktari mwenyewe hajui Kiswahili wala Kisamia, Kizungu tu.

"Utakwenda wewe," alisema. "Daktari ajue. Lakini mzee asijue kwamba wewe unajua."

Nikamwuliza hilo litafanyikaje.

"Kwani huko sekondari walikuwa wanawafundisha nini?" Akafungua mlango, moshi ukatoka naye.

Jioni mzee akasimama uani. "Mke wangu," alimwambia mtoto, "kesho utanisindikiza Tororo. Na huyo anayekubeba aje, kwa kuwa wewe hujajua kutembea."

Safari ile niliikumbuka baadaye kwa kisogo cha mzee, maana ndicho nilichokitazama njia nzima. Yeye alikaa mbele ya basi, mimi nyuma kabisa kati ya makapu ya samaki, na mtoto aliyetaka kumshika kila samaki mkono. Mzee hakuketi vizuri. Alikaa upande mmoja, kisha upande wa pili, na kila basi lilipotumbukia shimoni mabega yake yalipanda hadi masikioni yakakawia kushuka. Nilihesabu mashimo na nikamlaani kila mhandisi niliyeweza kumfikiria. Watu walipoanza kulionyesha jabali la Tororo likijitokeza, mimi nilikuwa nikiangalia kola ya shati lake, imelowa wakati asubuhi ilikuwa bado ya baridi.

Kwa daktari, mezani kwenye varanda, alikuwa amekaa mke wake. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani lakini kilitosha.

"Jina ya mgonjwa?"

Mzee alikuwa amesimama pale chini ya ngazi, ametupa mgongo, anaangalia barabara.

"Mama, jina ya mzee?"

"Ni baba wa mume wangu."

"Baba ya bwana yako, sawa. Naitwa nani?"

Waliokaa kwenye benchi wakaanza kufurahi. Mama mmoja mnene akawaambia wenzake kwamba huyu naye amemwokota mzee njiani hata jina lake halijui. Mwingine, nadhani Mdhopadhola, mwenyeji wa pale Tororo, akamkemea: hata kwao mkamwana hamtaji mkwe. Mke wa daktari akangoja, kalamu juu, akiwa na uso wa mtu ambaye ameona mengi tangu ateremke meli. Mwishowe niliomba ile kalamu, nikaliandika jina mwenyewe. Mdomo ndio uliokatazwa. Mkono wangu hakuna aliyewahi kuuambia kitu.

Chumba cha daktari kilikuwa kidogo kiasi kwamba watu watatu wangepumua kwa zamu. Mimi nikasimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje, nikampa mzee mgongo. Siku nyingine huo ungekuwa utovu wa adabu, lakini mgongoni ndiko alikokuwa mjumbe. Daktari alikuwa kijana mwenye miwani mizito. Akaniuliza kama ninaumwa mimi au mtoto. Nikamwambia mgonjwa ni yule, mimi ni wa maneno tu.

Akauliza panapouma. Nikauliza kwa Kisamia, nikiuelekezea ukuta. Mzee akamjibu mtoto kwamba ni goti. Nikasema goti. Daktari akalikunja goti, akalinyoosha, akaligonga. Hakuridhika. Akaanza yale maswali yaliyomjengea jina sokoni. Anakula? Anakula kidogo. Analala? Analala kidogo. Miguu imevimba tangu lini? Tangu mvua.

Kisha akauliza, kwa sauti ileile ya kuuliza juu ya ugali, mzee anapataje haja ndogo.

Moyo ulinipiga mpaka mtoto akageuza shavu mgongoni. Hilo ndilo swali nililotolewa nyumbani kwa ajili yake. Lilikuwa limekuja lenyewe, bila mimi kulitafuta, kutoka kwa mtu mwenye haki ya kuliuliza. Kilichobaki ni kulivusha kutoka Kizungu hadi Kisamia. Nilifungua mdomo. Maneno niliyajua yote, hata yale ya adabu zaidi. Nyuma yangu nilisikia mzee akiacha kupumua, maana ingawa hakujua Kizungu, aliona jinsi nilivyosita, na mtu aliyeficha kitu hukijua kitu hicho hata kikipita gizani.

Nikasema, "Daktari anauliza kama unaona vizuri."

"Mwambie naona," mzee akamwambia mtoto.

"Anasema ni sawa," nikamwambia daktari.

Tukatoka na dawa ya kuchua goti.

Kituo cha basi hakikuwa mbali, lakini mzee alitembea kama aliyebeba mtungi uliojaa kichwani, asitake umwagike. Mimi nyuma yake nilikuwa nikijisemesha. Nilijiambia nitaandika barua kwa mume wangu. Nikajiambia pia kwamba barua itafika Soroti, alikokuwa kazini, wakati yeye ameshahamishwa. Basi likaja. Mzee akashika chuma cha mlango, akaweka mguu mmoja kwenye ngazi, na mguu wa pili ukakataa kupanda. Akabaki hivyo, nusu ardhini nusu garini, jasho likimtiririka nyuma ya masikio.

Utingo akachoka. "Mzee, napanda ama hapana panda? Gari hii nakwenda Busia, hapana kitanda."

Mzee akashusha mguu. Basi likaondoka bila sisi. Akaenda akaegemea ukuta wa duka moja, mkono mmoja chini ya kitovu, akayaangalia mawingu yake, na midomo ilikuwa ya rangi ya majivu.

Nilipiga magoti palepale kando ya barabara, mavumbini, na dawa ya goti mkononi. Watu wakapita wakatuangalia. Muuza karanga aliyekaa karibu akanishauri kwa wema, "Mama, kama mzee amekataa kukusamehe, rudi tu kwenu." Nikageuka mpaka mgongo wangu ukamwelekea mzee, na mtoto akamtazama uso kwa uso.

"Mwambie babu," nilisema, "dawa ya goti tumeipata. Kama kuna neno lingine, si la kwangu. Amwambie mke wake. Mimi ni mgongo tu."

Lori likapita. Muuza karanga akaacha kumenya. Nilifikiri: sasa ataondoka, atatembea kwa miguu mpaka Busia, atafia njiani, na mimi nitakuwa nimeifungua aibu yake bila kumponya. Nilitamani jiko langu kama mtu anavyotamani maji.

Halafu nikasikia sauti yake, chini, ile ya utani ambayo babu humwekea mjukuu peke yake.

"Mke wangu," alisema, "umeolewa na mtungi uliozibwa."

Mtoto akacheka, kwa sababu alicheka kila aliposikia sauti hiyo.

"Cheka, cheka. Mtungi umejaa, mdomo umefungwa. Tangu jana haujatoa hata tone. Kabla ya hapo ulitoa damu. Kaka yangu alipasuka hivi, na mimi ndiye niliyemwosha, kwa hiyo usinidanganye kwamba hujui mume wako anakwenda wapi."

"Mwambie babu," nikasema, "mafundi wa mitungi wapo. Turudi kwa yule."

Tulirudi. Nilitangulia mimi, jambo lisilo la kawaida, lakini kama ningekaa nyuma yake angepata nafasi ya kugeuka. Nikiwa mbele na mtoto mgongoni, ilimbidi amfuate mkewe.

Mke wa daktari alikuwa akifunga mlango ili wale chakula cha mchana. Sikumsalimia. Niliingia mpaka kwa mumewe nikamwambia kwa Kizungu, kwa mpigo mmoja, kila kitu: kuzibwa, damu, tangu jana, kaka aliyekufa. Daktari akaweka kijiko chini.

"Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza mimi," nilimjibu. "Hukumwuliza mke wake."

Akamtafuta mke huyo kwa macho, akaona mtoto wa mdomo wazi. Hakuuliza tena. Akamwingiza mzee, akanitoa nje, mlango ukafungwa.

Nilikaa kwenye benchi na mke wa daktari. Kwa muda mrefu hapakuwa na sauti isipokuwa ya chuma kugusa chuma, na mara moja ya mzee, fupi, kama aliyekanyaga mwiba. Nilijua kinachofanyika, maana wenzangu wa sekondari wenye kaka wanaofanya kazi hospitalini walishatusimulia juu ya mpira mwembamba unaopitishwa. Nilibana mikono katikati ya magoti. Kisha yakaanza: maji yakipiga beseni la bati. Yakaendelea. Yakaendelea mpaka mimi na mke wa daktari, ambao tulikuwa tumekazana kuangalia paa la nyumba ya mbele, tukashindwa, tukatazamana. Mzee alipumua pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu mavuno.

Nikadhani yameisha.

Daktari akaniita tena mlangoni. Mzee alikuwa amelala, amefunikwa shuka hadi kidevuni, na uso umerudiwa na rangi. Nikageuka, mtoto akamwangalia. Daktari alieleza kwamba mpira ni wa siku chache tu. Ndani kuna kitu kimeota ukubwa wa ndimu, kinabana njia ya mkojo, na dawa haikitoi. Akatwe, hospitali kubwa, juma hilohilo. Akiondoka bila kukatwa, yatarudi yaleyale, na safari nyingine huenda basi lisimfikishe.

Hilo nililitafsiri lote. Sikuruka neno.

"Mwambie," mzee akamjibu mtoto, "mwanaume hakatwi huko. Nilikuja na viungo vyangu, nitaondoka navyo. Tuondoke."

Nilimtafsiria daktari. Akavua miwani, akaifuta, akaniambia anahitaji jibu kabla hajaandika barua ya kwenda hospitali, na kwamba hatamlazimisha mtu. Nikasimama na jibu lile. Mzee alikuwa amesema, na kazi yangu ilikuwa kubeba. Lakini shuka lilisikika likivutwa, kitanda kikalia, na baada ya kitambo akasema polepole, kama aliyechoka kubishana na mtu ambaye hajafungua mdomo:

"Mke wangu, mbona umenyamaza? Wewe unasemaje?"

Mtoto alikuwa ameshalala. Nilimsikia akikoroma kidogo begani. Ningeweza kusema amelala. Ndio ungekuwa ukweli, na ndiyo ingekuwa adabu. Miaka yote katika boma lile sikuwa nimempa baba mkwe neno moja lililoanzia kwangu.

"Anasema," nikasema, "hajawa tayari kuwa mjane."

Nje kengele ya baiskeli. Daktari alitazama ukutani, akatazama mgongo wangu, bila kujua tumefika wapi.

"Mzee nasema nini?" akajaribu, Kiswahili pekee nilichowahi kumsikia nacho.

Na mzee, ambaye miaka yote karani au mchuuzi akifika kwetu alikaa mbali kana kwamba hajui lugha yao, alimjibu mwenyewe, kwa Kiswahili safi cha mtu aliyevuka mpaka ule tangu ujana wake.

"Kata," alisema. "Lakini jua, nina mke mdogo."

Walimkata hospitalini, akakaa huko mpaka mume wangu alipofika na begi lake la reli. Tangu siku hiyo daktari yule akawa wa kwetu. Kikohozi, masikio, minyoo, mimba zangu zilizofuata, wote tulipelekwa Tororo kwa amri ya mzee, naye alikuja pia hata akiwa mzima, akakaa kwenye benchi kuwaeleza wageni kwamba kwa daktari huyu ukificha unarudi. Kwa hiyo mimi, jiwe la kusagia, nikahamishwa kila mara, na mashimo ya barabara ile nikayajua moja moja.

Mume wangu aliniuliza jioni ile alipofika, kwa wivu kidogo, baba alikubalije mambo kama hayo, yeye ambaye hata jino hakutaka ling'olewe.

Nikamwambia akamwulize mke wa mzee. Akaenda kwa mama yake, na mama yake akamwambia kwamba yeye hakuwepo.